"Imetoka kwenye kompyuta, haiwezi kukosea"

Mwezi huu nimeshaisikia kauli hiyo kuhusu majibu ya vipimo vya damu mara tatu, na moja ilitoka kwa muuguzi. Mimi ni mtu wa maabara ya kemia. Naijibu hapa kwa mara moja.

Dhana: Kompyuta ndiyo inayopima damu.

Ukweli: Haijawahi. Mashine ya AutoAnalyzer, aliyoibuni Leonard Skeggs huko Cleveland, Marekani, ilianza kuuzwa mwaka 1957, bila kompyuta yoyote. Ilifyonza seramu (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe) kikombe baada ya kikombe, ikaipitisha kwenye mirija myembamba ikiwa imekatwakatwa na viputo vya hewa, ikaichanganya na kemikali hadi ikageuka rangi, ikapima mwanga uliopenya. Kalamu ilichora vilele kwenye karatasi, na mtaalamu akavisoma kimoja kimoja kwa macho akivilinganisha na vya sampuli sanifu, zenye kiwango kinachojulikana. Kompyuta ndogo kama LINC na PDP-8 zilipoingia maabara miaka ya 1960, zilichukua kazi ya macho na kalamu tu: kusoma volti kutoka kwenye mashine, kutafuta kilele, kupiga hesabu, kuchapa majibu.

Tena zilimtambua mgonjwa kwa foleni ya vikombe. Ukiruka kikombe kimoja, wote wa nyuma yake wanapewa majibu ya jirani, yamechapwa vizuri kabisa.

Hadi leo mashine hupima kile tu ilichopewa. Juzi nililetewa potasiamu ya mzee mmoja: 7.8, kiwango cha hatari. Ndugu zake walikuwa wameshaanza kulia. Nikaomba kuiona chupa yenyewe. Damu ilikuwa imelala mezani usiku kucha bila kutenganishwa, seramu nyekundu kama juisi ya rozela. Chembe za damu zilipasuka, potasiamu iliyokuwa ndani yake ikamwagika humo. Mashine ilipima sawasawa kilichokuwamo. Tukamtoa mzee damu upya: 4.3, ya kawaida. Jamani, tazameni chupa kabla ya kutazama karatasi!

Dhana: Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba kizima.

Ukweli: Zilikuwepo za namna hiyo, lakini si hizi. PDP-8 ya mwaka 1965 ililingana na friji ndogo. Kumbukumbu yake ya msingi ilikuwa maneno (vipande vya data) 4,096 ya biti 12, yaani kama kilobaiti 6 tu. Picha moja ya simu yako isingeingia humo. Iliuzwa dola 18,000.

Dhana: Kompyuta ilimwondoa mtaalamu.

Ukweli: Nani alichanganya kemikali? Nani alipanga vikombe, akapitisha kontroli (sampuli za kuhakiki mashine), akagundua kuwa mrija umeziba?

Dhana: Sukari ikichelewa kupimwa hakuna neno, mashine itarekebisha.

Ukweli: Hairekebishi. Chembe zinaendelea kula glukosi ndani ya chupa, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida la chumba. Tumieni chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye dawa ya kuzuia chembe kula sukari, andikeni saa ya kutoa damu, na muilete maabara papo hapo, si baada ya chai.