Mshipa wa mguuni ukishapandikizwa moyoni: maswali tunayoulizwa kliniki

Upasuaji huu ni nini hasa?
Mishipa inayolisha moyo ikiziba, daktari hupandikiza mingine ili damu ipite pembeni. Hutumia ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na mara nyingi huongeza vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguuni.

Mbona mwenzangu ana kovu refu mguuni, mimi nina mawili madogo tu?
Mmetolewa mshipa kwa njia tofauti. Yeye alipasuliwa kwa urefu; wewe ulipitishiwa kamera kwenye tundu karibu na goti, na kidonda cha namna hiyo hupona upesi. Ipo na njia ya kuutoa mshipa pamoja na mafuta yanayouzunguka, bila kuubana wala kuutanua kwa nguvu. Mguu husumbua zaidi, lakini utando wa ndani hubaki salama, na utando huo ndio unaozuia damu kuganda. Kovu halikuambii mshipa wako una ubora gani.

Nimepona. Naweza kuacha aspirini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda?
Hapana.

Hata kama sina maumivu miezi sita sasa?
Hapana! Huna maumivu kwa sababu mshipa unapitisha damu. Vena ilizoea presha ndogo ya mguuni. Sasa inapigwa na presha ya ateri usiku na mchana, na ukuta wake hunenepa. Ifikapo mwaka wa 10, takriban nusu ya vena hizi huwa zimeziba. Aspirini na dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) haziachwi mpaka daktari wako wa moyo aseme. Jirani si daktari wa moyo.

Inaniunguza tumbo.
Njoo useme, utapewa dawa ya kulinda tumbo. Ukipata choo cheusi kama lami, njoo siku hiyohiyo. Kuacha kimyakimya ndiko kunakotuletea watu usiku wa manane.

Na Ramadhani?
Daktari akikuruhusu kufunga, muulize kuhusu kumeza baada ya futari. Kidonge chenyewe ni kimoja kwa siku. Mwezi mzima bila dawa, hapana.

Sigara moja moja je?
Hata hiyo hapana. Unachoma utando uleule daktari aliohangaika kuulinda.

Kifua kikibana tena?
Usiseme ni gesi. Usinywe tangawizi ukasubiri kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na dawa zako zote mkononi.