Mwanga wa Kusomea Nyumbani: Tazama Umbali Kabla ya Wati

Anayeona giza mezani usiku kwa kawaida hukimbilia duka la vifaa vya umeme kutafuta balbu kubwa zaidi. Anatoa ya wati 9, anaweka ya wati 15. Chumba kinang'aa, dari inang'aa, lakini kwenye ukurasa wa daftari nafuu ni ndogo na mtoto anaendelea kuinamia kitabu. Mara nyingi kasoro haiko kwenye balbu, iko mahali ilipofungwa.

Kwanza tutenganishe vipimo. Wati ni umeme unaoliwa na balbu. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye balbu, nayo huandikwa kwenye boksi kwa herufi lm. Luksi ni mwanga unaofika juu ya kitu, yaani lumeni zinazoangukia eneo la mita moja ya mraba. Kipimo anachokihitaji msomaji ni hiki cha mwisho: takriban luksi 300 kwa kitabu cha maandishi ya kawaida, na 500 kwa herufi ndogo au kwa mwanafunzi anayeandika saa nyingi. Balbu ya zamani ya waya wa kuwaka yenye wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. Ya LED hutoa kiasi hichohicho kwa wati 8 hadi 10. Ikiwaka saa 4 kila usiku, ya LED ya wati 9 inakula yuniti moja na kidogo kwa mwezi, ilhali ile ya wati 60 inakula yuniti 7.

Sasa hesabu yenyewe. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Chukua balbu ya LED ya lumeni 800 iliyofungwa darini, mita 2 juu ya meza. Mwanga unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye kitabu ni luksi 30 hadi 40 tu. Kuta zikiwa nyeupe, mwanga unaorudishwa unaweza kukifanya kiasi hicho kiwe mara mbili hivi. Zikiwa za rangi nzito au matofali yasiyopigwa lipu, ongezeko ni dogo. Weka ya wati 15 na bado uko mbali na 300. Balbu ileile ya lumeni 800 ukiishusha hadi nusu mita juu ya kitabu, umbali umegawanywa kwa 4, kwa hiyo mwanga umezidishwa kwa 16: unapata luksi 500 au zaidi. Ndiyo maana taa ya mezani yenye balbu ya wati 5 tu huishinda ya wati 15 iliyo darini.

Zipo programu za simu za kupima luksi. Usiziamini kwa namba kamili, ila kwa kulinganisha zinafaa: weka simu juu ya kitabu, soma namba, sogeza taa, soma tena.

Kama hakuna taa ya mezani, jambo la kwanza ni kusogeza meza iwe chini ya balbu badala ya kuiacha ukutani, ambako msomaji anaipa taa mgongo na kichwa chake kinatupa kivuli juu ya kitabu. La pili ni holda ya kuning'inia. Fundi umeme anateremsha waya kutoka darini hadi sentimita 60 hivi juu ya meza, na holda inavikwa kofia ya taa ili macho yasiione balbu yenyewe. Waya uwe laini wa kunyumbulika, wa milimita za mraba 0.75, usio na kiungo katikati. Viungo vyote vibaki kwenye kiunganishi chenye skrubu huko darini, si kusokotwa na kufungwa utepe wa nailoni. Kofia ya chuma inataka waya wa tatu, wa athi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Kwa taa ya mezani, ukingo wa chini wa kofia uwe usawa wa macho ya aliyeketi au chini yake kidogo, na balbu iwe sentimita 40 hadi 50 kutoka kwenye ukurasa. Anayeandika kwa mkono wa kulia aiweke kushoto, wa mkono wa kushoto aiweke kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke kwenye neno analoliandika. Vitabu vya karatasi ya kung'aa vina tatizo lao: mwanga huruka kutoka kwenye karatasi na kuingia moja kwa moja machoni, herufi zikafifia. Laza kioo kidogo cha kujitazama pale kitabu kinapokaa. Ukiiona balbu ndani yake, sogeza taa pembeni mpaka isionekane. Taa ya chumba nayo usiizime. Macho yanayohama kutoka ukurasa mweupe kwenda gizani na kurudi huchoka upesi, kwa hiyo mwanga wa kuzunguka meza usishuke sana chini ya theluthi moja ya ule wa kwenye kitabu.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini, herufi K. Kati ya 2700 na 3000 ni mwanga wa manjano wa balbu za zamani. 4000 ni mweupe wa kawaida. 6500 ni mweupe unaoelekea samawati, na ndio uliojaa madukani. Wengi huamini kwamba 6500 ndiyo inayoonesha vizuri zaidi. Inaonekana kali, lakini luksi zikiwa sawa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe husomeka vilevile kwa 4000. Mwanga wenye samawati nyingi usiku hupunguza melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala. Ushauri wetu: 4000 kwenye meza ya masomo, 2700 au 3000 kando ya kitanda. Tazama pia alama ya Ra au CRI, inayoonesha kama rangi za vitu zitaonekana kwa uhalisia wake. Ra 80 inatosha kwa maandishi; mwenye ramani, michoro ya rangi au nyuzi za kushonea atafute 90.

Balbu inayopepesa

Hapa ndipo balbu za bei ya chini zinapomwangusha msomaji. Umeme wetu wa gridi ni wa hezi 50, maana yake nguvu yake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Ndani ya balbu nzuri ya LED mna kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi, inayojaza mabonde hayo ili mwanga utoke sawasawa. Ikiwekwa ndogo mno au ikiachwa kabisa ili kupunguza gharama, mwanga unawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni moja kwa moja, lakini mstari wa maandishi unapofuatwa kwa haraka baadhi ya watu huumwa kichwa au hupoteza mahali walipofika, na mwenye kipandauso huathirika zaidi.

Duka la vifaa vya umeme huwa na holda ya kujaribia balbu. Tumia nafasi hiyo. Washa kamera ya simu na uisogeze karibu kabisa na balbu, sentimita chache. Kwa mbali simu nyingi hurekebisha picha na kuuficha mpepeso. Kwa karibu zinalazimika kupiga picha kwa kasi kubwa, na kasoro inajitokeza. Mistari myeusi mipana inayotembea kwenye skrini ni dalili mbaya. Nyumbani, zima taa nyingine zote kisha tikisa kalamu kwa kasi chini ya balbu hiyo. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana badala ya ukungu mmoja laini, balbu hiyo ipeleke stoo au korido.

Mpepeso unaoonekana kwa macho ni habari nyingine. Ukija na kuondoka, angalia kwanza holda: kwenye holda ya kuchomeka zile pini mbili zenye springi huungua au hulegea, na balbu haina kosa. Kata umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa. Taa ikififia jirani anapowasha mashine ya kuchomelea, umeme unashuka, hivyo tafuta balbu iliyoandikwa kwamba inafanya kazi kuanzia volti 170 au chini ya hapo. Balbu inayobaki na mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa ina sababu mbili za kawaida: swichi yenye kijitaa cha kuonesha ilipo, au swichi iliyofungwa kwenye waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya waya wa moto (unaouleta). Ya pili ni hatari, maana holda inabaki na umeme swichi ikiwa imezimwa. Mwite fundi.

Joto ndilo linaloziua LED mapema. Kapasita ileile hukauka, na kwa makadirio ya mafundi kila nyuzi joto 10 za Selisiasi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Balbu ya wati 12 iliyofungiwa ndani ya glasi isiyopitisha hewa, chini ya bati la moto, haiwezi kufikisha saa 15,000 zilizoandikwa kwenye boksi. Mahali pa namna hiyo weka ya wati 5 hadi 7, au toa glasi.

Unaponunua, somo la haraka ni kugawanya lumeni kwa wati zilizoandikwa. Jibu la 80 hadi 110 ni la kawaida. Boksi lisilo na lumeni kabisa, lenye wati peke yake na maneno ya kujisifu, lirudishe kwenye rafu. Hakikisha pia umejua holda yako ni ya kuchomeka (B22) au ya kuzungusha (E27), na kama nyumba inatumia sola ya volti 12 usichanganye: balbu ya volti 12 ikiwekwa kwenye umeme wa gridi inaungua papo hapo.

Wazee wanahitaji hesabu tofauti. Kadiri umri unavyosonga mboni huwa ndogo na lenzi ya jicho hugeuka ya manjano, kiasi kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Bibi anayesoma msahafu au Biblia jioni apewe taa yake kando ya kiti, karibu, na luksi zake ziwe mara mbili ya za mjukuu. Lakini mtu wa miaka 40 na kuendelea ambaye ukurasa wake una mwanga wa kutosha na bado anausukuma mbali ndipo ausome, huyo hana upungufu wa balbu. Aende akapimwe miwani ya kusomea.