Je, wajua? Kioo cha Paulo hakikuwa cha dirisha

"Maana wakati huu tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo, wakati ule tutaona uso kwa uso." Mstari huo, 1 Wakorintho 13:12, husomwa sana harusini. Kwa miaka mingi kila nikiusikia nilikuwa naona dirisha la daladala wakati wa masika: ukungu ndani, tope nje, na kituoni kuna mtu anakupungia mkono lakini humtambui.

Nilikosea, na lawama nyingine naitupia lugha yetu. Cha dirishani tunakiita kioo, cha kuchania nywele nacho kioo. Kigiriki cha Paulo hakina utata huo. Aliandika esoptron, kitu cha kujitazamia, neno lile lile linalotumika katika Yakobo 1:23 kwa mtu anayejiangalia uso kisha akaenda zake akasahau alivyo. Kwa hiyo dirisha hakuna, na mtu wa upande wa pili hayupo. Unayemwona ni wewe, au kilicho nyuma ya bega lako.

Tena hicho cha kujitazamia hakikufanana na cha kwako. Katika miji ya Kirumi ya karne ya 1 kilikuwa kwa kawaida bamba la shaba iliyochanganywa na bati, lenye mpini; wenye nazo walikuwa na vya fedha. Kioo cha bilauri kilichopakwa fedha mgongoni kilikuja baadaye sana, kwa njia aliyoigundua mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835.

Bamba linaonyeshaje uso? Inama juu ya beseni la maji yaliyotulia, utajiona. Yakoroge, uso unavunjika vipande vipande, ingawa maji ni yale yale na mwanga ni ule ule. Metali iliyotoka kufuliwa ni beseni lililokorogwa likaganda: ina vilima na mabonde madogo, kila kimoja kikirusha mwanga upande wake. Ndiyo maana sufuria jipya linang'aa lakini huwezi kunyolea ndevu mbele yake. Fundi husugua, husugua tena kwa unga laini zaidi, mpaka "maji" yatulie. Bati likizidi, bamba huwa jeupe na gumu, ila hupasuka kirahisi. Halafu hewa nayo inalifubaza, kazi inaanza upya.

Lakini usikimbilie kusema vilikuwa vibovu. Cha shaba kilichosuguliwa vizuri huonyesha uso vyema, wenye umanjano kidogo tu. Huenda basi Paulo hakulalamikia ukungu, bali kuona taswira badala ya mwenyewe. "Fumbo" lake linarudisha nyuma hadi Hesabu 12:8, Mungu anaposema huongea na Musa mdomo kwa mdomo, si kwa mafumbo.

Wahubiri hupenda kuongeza kwamba Korintho ilisifika kwa vioo. Shaba ya Korintho ilisifika kweli, Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, ameizungumzia kirefu, ila sifa hiyo ilihusu hasa vyombo na sanamu. Tena Paulo aliandika barua hii akiwa Efeso (16:8), ng'ambo ya bahari, na huko nako watu walijitazama kwenye bamba wakichana nywele.