Stadi za ziada kwenye bloku: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Ongeza stadi mbili, hutaunguza gasketi tena." Stadi ni fimbo za chuma zenye nyuzi zinazoibana hedi, yaani kifuniko cha silinda, juu ya bloku, mwili wa injini; gasketi ni kizibo chembamba kati yao. Wapenda Mini za zamani, zile gari ndogo za Kiingereza, wamelizoea neno hili, na kuna siku nililetewa bloku iliyokwisha kutobolewa kwa imani hiyo. Tundu moja lilikuwa limelala upande kiasi kwamba hedi ilikataa kushuka. Bloku nzima isiyo na ufa wala kutu, imeharibiwa kwa dakika chache za drili ya mkono. Iliniuma, ndiyo maana naandika.

Imani yenyewe ina chimbuko. Injini ya A-Series ilianza mwaka 1951 ndani ya Austin A30, ikaingia Morris Minor, kisha Mini mwaka 1959. Hedi yake ilishikwa na stadi 9. Ilipokuja Cooper S, Mini yenye nguvu zaidi, mwaka 1963 ikiwa na sisi (cc, ukubwa wa injini) 1071 na mwaka uliofuata ikiwa na sisi 1275, kiwanda kiliongeza vishikio viwili, kimoja kila mwisho wa hedi. Vikawa 11: stadi 10 na bolti moja. Gari hilo likashinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Basi watu wakaunganisha mambo: kumi na moja ndiyo nguvu, tisa ni udhaifu.

Kilichosahaulika ni upana wa silinda. Mini ya sisi 998 ina silinda zenye kipenyo cha mm 64.6, Cooper S ina mm 70.6. Tukichukulia gesi inawaka kwa kanieneo ya mara 60 ya hewa ya kawaida, kila silinda ya 998 inaisukuma hedi juu kwa nguvu ya kama tani 2, na ya Cooper S kama tani 2.4. Ongeza kwamba silinda zikipanuliwa, ukuta wa gasketi kati ya moja na nyingine unabaki mwembamba. Kwa gari la mashindano, stadi za ziada zilikuwa na kazi ya kufanya. Lakini Mini 1275GT ya mwaka 1969 ilikuwa na kipenyo hichohicho cha mm 70.6, na ilitoka kiwandani na stadi 9. Kwa mwendo wa barabarani zilitosha.

Na je, stadi nyingi daima ni bora kuliko chache? Hapana, na ushahidi upo kwenye V8 ya Rover, injini ya silinda nane, ile iliyoendesha Range Rover za kwanza kuanzia 1970. Kila hedi ilikuwa na bolti 14. Safu ya nje, yenye bolti nne, iliivuta hedi upande mmoja tu, na upande wa ndani ukabanwa pungufu. Gasketi ikavujia huko. Matoleo ya baadaye ya lita 4.0 na 4.6 yaliondoa safu hiyo, zikabaki bolti 10 kwa kila hedi. Kiwanda kilipunguza, na mbano ukawa sawa zaidi. Kinacholinda gasketi ni mbano uliosambaa sawasawa kuizunguka silinda.

Wengi pia huiona stadi kama msumari, kwamba ukishaipigilia imeshika. Stadi ni springi. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo sana, na ule utashi wake wa kurudi ndio unaoibana hedi. Sasa angalia: katika nguvu unayoitia kwenye spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, takriban sehemu tisa kati ya kumi zinaishia kwenye msuguano wa uzi na wa uso wa nati. Kutu kidogo au washa (pete ya chini ya nati) iliyokwaruzika inakula mbano wote huku spana ikikuambia umefika. Kabla ya kuwaza tundu jipya, safisha nyuzi za zamani, weka stadi mpya na washa ngumu, paka kilainishi kile kinachotajwa na aliyetoa kipimo cha kukazia. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Halafu kuna hili la kwamba bloku ni chuma, na chuma hutoboka. Hutoboka, ndiyo, ila chini ya uso wake kuna njia za maji, na si kila mahali pana nyama ya kushika uzi. Kwa chuma cha kusubu unataka uzi ushike kina cha kama mara moja na nusu ya unene wa stadi. Tundu likiingia kwenye maji, uzi lazima uzibwe kwa gundi yake. Kazi hii ni ya mashine iliyosimama, bloku imefungwa na kupimwa usawa, si drili ya mkono. Chuma cha kusubu hutobolewa kikavu. Kinachotoka ni unga mweusi unaochafua vidole kama wa betri. Ziba silinda na njia za oili kabla hujaanza, kwa sababu unga huo ukifika kwenye beringi ni msasa. Na Mini hutumia nyuzi za inchi, hivyo tepu (kifaa cha kuchonga uzi) ya milimita iache kabatini.

Baada ya kuchonga uzi, panua kidogo mdomo wa tundu. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa kuliko zote. Stadi ikivutwa, uzi wa juu kabisa huinua chuma kinachouzunguka, kinatokea kivimbe usichokiona kwa macho, na hedi inakaa juu ya kivimbe badala ya gasketi. Pitisha rula ya chuma, utakisikia. Kausha tundu pia: oili ikibaki chini, stadi inayoshuka huigeuza kuwa jeki, na bloku hupasuka.

Kama gari linachemka kwa sababu rejeta imeziba au hedi imepinda, hata stadi 20 hazitaliponya. Pima hedi kwa rula na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), isawazishe uso kwa mashine ikihitaji, zibua rejeta. Tundu likishatobolewa halirudi.