"Wameiua Gemu Tena": Dhana Potofu Kuhusu Apdeti

Apdeti ya gemu ya ushindani hupewa hukumu kabla faili halijamaliza kushuka. "Wameiua gemu!" Ukimuuliza anayepiga kelele amecheza mechi ngapi za toleo jipya, mara nyingi atakuambia bado anadownload.

Dhana: Gemu hubadilika pale tu watengenezaji wanapoigusa.

Hii ndiyo potofu kuliko zote, na ushahidi uko Korea Kusini. StarCraft: Brood War ni gemu ya vita yenye majeshi ya aina tatu, mawili kati yake yakiwa Protoss na Zerg. Mizani yake, yaani ulinganifu wa nguvu kati ya majeshi hayo, iliguswa kwa mara ya mwisho mwaka 2001. Miaka mingi baadaye watu bado waliamini kwamba jeshi la Protoss halina ubavu mbele ya Zerg, na sAviOr, bingwa wa Zerg, alionekana hashikiki. Tarehe 3 Machi 2007, kijana aliyejulikana kwa jina la Bisu akamchapa 3–0 kwenye fainali ya ligi ya MSL, akiwa na Protoss hao hao. Alipanua kambi mapema, kisha akatuma ndege za Corsair kuwafyeka Overlord, viumbe wa Zerg wanaoelea angani. Hao ndio macho ya Zerg ya kuwaona maadui wasioonekana. Macho yakishapofushwa, akawaingiza Dark Templar, wauaji wasioonekana, ambao mpinzani hawezi kuwapiga kwa kuwa hawaoni. Hakuna namba hata moja iliyokuwa imebadilishwa. Dawa ilikuwemo ndani ya gemu miaka yote, ilikosa mganga.

Dhana: Anayelalamika ni aliyeshindwa.

Wapo hao, hawakosekani. Lakini tarehe 8 Desemba 2015, Counter-Strike: Global Offensive, gemu ya kupigana kwa bunduki, ilileta bastola ya R8 Revolver kwa dola 850 za ndani ya mchezo. Risasi moja ya kifuani ilimlaza mtu, kazi ambayo bunduki ya mdunguzi ya AWP huifanya kwa dola 4,750. Hapo malalamiko yalikuwa ya haki, na Valve, watengenezaji wa gemu hiyo, wakaipunguza makali ndani ya siku mbili. Mchezaji huwa shahidi mzuri wa kilichomuua. Tiba anayoipendekeza, hiyo ichunguze, maana aghalabu inampendelea mhusika anayempenda yeye.

Dhana: Asilimia ya ushindi ikipanda, mhusika kaongezewa nguvu.

Si lazima. Mhusika akipunguzwa makali, waliomdandia kwa kufuata upepo huhama, wakabaki mafundi wake wa siku nyingi. Hao wanamjua, wanashinda, na asilimia inapanda huku yeye mwenyewe akiwa dhaifu kuliko jana. Mhusika mpya huenda kinyume: wiki ya kwanza kila mtu anamjaribu, kila mtu anafungwa.

Dhana: Wachezaji wazuri hutambua upesi silaha yenye nguvu.

Bunduki ya AUG ilikaa miaka ndani ya Counter-Strike hiyo hiyo kwa dola 3,300, ikipuuzwa hata na wanaolipwa mshahara kwa kucheza. Wote walishika M4, ya dola 3,100. Mwishoni mwa 2018 AUG ikashushwa hadi 3,150. Kufika mwanzoni mwa 2019, mashindano makubwa yalikuwa yamejaa AUG na watu wakidai ina nguvu kupita kiasi, mpaka Valve wakairudisha bei ya zamani. Dola 150 tu ndizo zilizowafanya waijaribu.