Gia zinapochelewa kubadilika, sianzi na giaboksi

Mwenye pikapu ya zamani ya dizeli anapolalamika kwamba gia za otomatiki zinachelewa kubadilika, zinagonga zinapoingia, au zinaingia na kutoka ovyo akiwa kwenye mwendo, mara nyingi huwa ameshaambiwa kwamba giaboksi imekufa. Mimi huiacha giaboksi ilivyo na kuuliza kwanza inapata wapi habari za mzigo wa injini.

Kwenye dizeli swali hilo ndilo lenye uzito. Injini ya petroli ina kipepeo kinachobana hewa, hivyo ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, kuna vakyumu (mvuto wa hewa) ambayo hupungua dereva anapokanyaga mafuta, na giaboksi nyingi za kale ziliisoma vakyumu hiyo moja kwa moja. Dizeli nyingi za zamani hazina kipepeo hicho, kwa hiyo waundaji walitafuta njia nyingine. Katika injini ya GM (General Motors) ya lita 6.2 iliyofungwa giaboksi ya TH400, kwa mfano, kuna pampu ya vakyumu inayoendeshwa na injini, pamoja na valvu iliyofungwa kwenye injekta pampu ambayo hupunguza vakyumu kadiri mafuta yanavyokanyagwa. Mpira ukipasuka popote katika njia hiyo, giaboksi hudhani kwamba injini inavuta mzigo mzito wakati wote: shinikizo la oili ndani ya giaboksi hupanda, gia huchelewa, na zinapoingia hugonga. Chomoa mpira kwenye modyuleta, kifaa kinachoisoma vakyumu hiyo, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Ukikuta oili ya giaboksi ndani yake, utando wa modyuleta umepasuka na huna haja ya kutafuta zaidi.

Njia ya pili ni kebo inayotoka kwenye wenzo wa mafuta hadi kwenye valvu ya giaboksi. Ikivutwa kupita kiasi, gia huchelewa na kugonga. Ikilegea, gia hubadilika mapema na kwa ulaini, na hapo dereva hufurahi, kumbe shinikizo ni dogo na klachi zinateleza na kuungua kidogo kidogo. Kati ya hitilafu hizi mbili, naiogopa zaidi hii isiyolalamikiwa. Ndiyo maana kila injekta pampu inapotolewa na kurudishwa, au sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inaporekebishwa, kebo nayo lazima ipimwe upya.

Magari ya baadaye hutumia sensa ya mkao wa kanyagio. Hupewa volti 5 na kurudisha volti chache ambazo zinapaswa kupanda taratibu bila kuruka. Kwa kazi hii napenda mita ya mshale kuliko ya tarakimu, kwa sababu mshale ukishtuka katikati ya safari yake unauona, ilhali tarakimu huenda zikauficha mshtuko huo mfupi.

Pikapu moja niliyoletewa ilikuwa na malalamiko ya gia ya nne kuingia na kutoka kila mara kwenye barabara tambarare. Nilipoiendesha niligundua kwamba mguu wangu ulikuwa umetulia, lakini sindano ya mizunguko ilipanda na kushuka kwa takriban mizunguko 300 kwa dakika. Kuingia gia ya nne yenye uwiano wa 0.69 kungeshusha injini kutoka mizunguko 2,500 hadi kama 1,725, kwa hiyo mruko mdogo namna ile haukuwa wa gia, bali wa klachi ya torki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) iliyokuwa ikifunga na kufunguka. Nilipima volti za AC (umeme geu) kwenye betri injini ikiwa inanguruma, nikakuta nyingi kuliko inavyostahili. Dayodi ya alternata, inayogeuza umeme huo kuwa wa mkondo mmoja, ilikuwa imeharibika, na mawimbi yake yalikuwa yakiichanganya kompyuta. Alternata ilipobadilishwa, konveta ilitulia. Mwenye gari alikuwa ameshaweka akiba ya kununua giaboksi nzima.

Dalili nyingine inayopotosha hupatikana kwenye giaboksi ya Chrysler ya 47RE: gari huondoka kwa uzito kana kwamba limeanzia gia ya tatu, lakini ukiiweka 1 kwa mkono linaondoka vizuri. Shinikizo la gavana, linaloijulisha giaboksi kasi ya gari na ambalo hupanda kwa makadirio ya psi 1 (kipimo cha shinikizo) kwa kila maili 1 kwa saa, lapaswa kukaribia sifuri gari linaposimama. Likibaki juu, giaboksi huamini kwamba gari lingali kwenye mwendo. Aghalabu kinachohitajika ni sensa ya shinikizo au solenoidi yake (valvu inayoendeshwa kwa umeme), na zote mbili hufikiwa kwa kushusha karai la oili.

Kuhusu oili yenyewe nitasema machache. Ipimwe ikiwa ya moto, injini ikiwa inanguruma, gari likiwa tambarare, na kwa giaboksi hii ya Chrysler gia iwe nyutro, si paki. Harufu ya kuungua pamoja na vumbi jeusi la klachi kwenye karai ni ushahidi ambao hakuna kebo wala sensa itakayoufuta.

Hapo tu ndipo nafunga geji ya shinikizo. Ishara za mzigo zikiwa sahihi, shinikizo likiwa sawa, na gia bado zinateleza, giaboksi hushushwa.