Kitasa cha kamu kwa kabati na droo: pima nyuma kabla ya kutazama mbele

Kitasa cha kamu ni kile kidude cha mviringo chenye tundu la ufunguo unachokiona kwenye droo ya meza ya ofisi, kwenye kabati la chuma la mafaili, kwenye visanduku vya barua, na siku hizi hata kwenye makabati ya nguo ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa). Kwa mbele huonekana uso wake tu. Kwa nyuma kuna silinda yenye nyuzi kama za bolti, nati ya kuibana kwenye mlango, na mwishoni kabisa kipande bapa cha chuma kilichofungwa kwa skrubu. Kipande hicho ndicho kamu. Hapa nitakiita ulimi, maana ndiyo kazi yake. Ukizungusha ufunguo, ulimi nao unazunguka, kwa kawaida robo mzunguko, unaingia nyuma ya fremu na mlango hauvutiki tena. Ukirudisha ufunguo, ulimi unalala sambamba na ukingo wa mlango na njia inakuwa nyeupe.

Ni hayo tu. Hakuna komeo la kuchomoka kwa springi. Kwa hiyo swali la kwanza si ufunguo wa aina gani au rangi gani, bali ulimi ukishazunguka utashika nini. Wanunuzi wengi hukichagua kwa uso wake dukani, kisha fundi anabaki akihangaika na mlango ambao nyuma yake hakuna cha kushikwa.

Ukiomba "kitasa cha droo", angalia vizuri unachopewa. Huenda ukapewa kile chenye boksi la mraba na matundu manne ya skrubu, ambacho ufunguo wake hupandisha komeo fupi juu. Ni kizuri kwa droo ya mbao, lakini ni kitu kingine. Komeo lake lazima lichimbiwe tundu la kuingilia kwenye fremu. Na ukiagiza mtandaoni kwa jina la Kiingereza, "cam lock", unaweza kuletewa vile vidude vya kuunganishia mbao za fanicha ya kujiunganishia mwenyewe, visivyo na ufunguo kabisa.

Tuje kwenye vipimo. Cha kwanza ni unene wa ubao. Vitasa hivi huuzwa kwa urefu wa silinda: 16, 20, 25, 30 mm na kuendelea. Cha 16 kinafaa kabati la bati au plaiwudi nyembamba. Kwenye MDF ya 18 mm silinda hiyo inazama yote na nati inakosa pa kushika. Kwa ubao huo chukua ya 25 au 30, kwa kuwa nati na washa navyo vina unene wake. Droo ndiyo hudanganya zaidi. Droo nyingi zina uso wa mapambo uliofungwa juu ya ubao wa mbele wa boksi lenyewe, kwa hiyo tundu linapita mbao mbili: 18 na 16, jumla 34 mm. Hapo hata silinda ya 30 haitokezi upande wa pili. Tafuta ya 40. Kuchimba ubao wa ndani ili silinda fupi ifike ni ujanja usiolipa, kwa sababu unaidhoofisha droo, na ulimi unabaki umezama shimoni bila nafasi ya kuzunguka.

Kipimo cha pili ni urefu wa ulimi, unaohesabiwa kuanzia katikati ya tundu. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme katikati ya tundu ni 25 mm kutoka ukingo wa mlango, upenyo kati ya mlango na fremu ni 3 mm, na unataka ulimi uingie nyuma ya fremu walau 10 mm. Jumla ni 38, basi ulimi wa 40 unatosha. Usichukue mrefu kupita kiasi ukidhani utashika zaidi. Ulimi mrefu hupinda upesi mlango ukivutwa kwa nguvu.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahaulika: ulimi unatua kwa kina gani? Mlango ukiwa umezama ndani ya fremu, ulimi lazima upite nyuma kabisa ya fremu hiyo. Ikiwa mlango una 18 mm na fremu 30, ulimi uliokaa mara tu baada ya mlango utagonga ubavu wa fremu. Chagua silinda ndefu zaidi au ulimi uliopinda, ambao husogeza mshiko mbele au nyuma kwa milimita kadhaa. Na ikiwa mlango unashika vizuri lakini ukifungwa unachezacheza, ujue ulimi umekaa mbali mno na fremu; hapo geuza upinde wake upande wa pili kabla ya kulaumu kitasa.

Makabati ya kisasa yasiyo na fremu yana shida yake. Mlango unafunika kingo za mbao za ubavuni, kwa hiyo ulimi ukizunguka kuelekea pembeni unakutana na ubao mzima, na hauwezi kuutoboa. Dawa yake ni kibati cha umbo la L kinachofungwa kwa skrubu upande wa ndani wa ubao wa ubavu. Tundu la kitasa linasogezwa ndani zaidi, na ulimi unapita nyuma ya kibati. Kwa droo iliyo chini ya meza isiyo na mbao ya kukingama, funga kipande cha mbao chini ya uso wa meza ili ulimi upate pa kupandia.

Kabati la milango miwili linahitaji komeo dogo la ndani, juu na chini, kwenye mlango usio na kitasa. Bila hilo, kitasa kinafunga mlango mmoja kwenye mwenzake, na mtu akivuta yote kwa pamoja inafunguka kana kwamba hukufunga.

Uliza pia ufunguo unachomoka wapi. Vingine huuachia ufunguo vikiwa vimefungwa na hata vikiwa wazi, vingine huung'ang'ania mpaka ufunge. Kwa duka au ofisi napendelea aina ya pili, maana mtu hawezi kuondoka na ufunguo mfukoni huku droo ya pesa iko wazi. Nyuma ya silinda mara nyingi kuna washa yenye kikomo. Ukiigeuza unabadili ulimi uzunguke kulia au kushoto, jambo linalosaidia usitafute kitasa tofauti kwa kila upande wa mlango.

Kufunga kwenyewe hakuchukui muda. Tundu la kawaida ni 19 mm, lakini pima silinda uliyoinunua usiamini pakiti. Biti ya 20 nayo itafaa, maana ukingo wa uso wa kitasa hufunika uwazi huo mdogo. Bandika selotepu ili rangi au melamini isichanike, toboa kwanza kwa biti nyembamba hadi upande wa pili, kisha tumia biti pana: nusu kwa mbele, umalizie kwa nyuma. Silinda nyingi zimechongwa bapa pande mbili ili zisizunguke kwenye tundu la bati lenye umbo hilohilo. Kwenye mbao tundu ni la duara, hivyo nati ikilegea kitasa kizima kinazunguka na ufunguo. Tumia washa yenye meno yanayozama kwenye ubao. Kaza kwa kiasi, kwani mwili wa vingi ni aloi ya zinki na nyuzi zake huliwa upesi.

Jaribu kwanza mlango ukiwa wazi, na ufunguo wa akiba usiwe ndani ya kabati. Skrubu ya ulimi itie washa ya springi. Ikilegea, ufunguo utazunguka bure mlango ukiwa umefungwa, na hapo hakuna njia nyepesi ila kutoboa kitasa chenyewe.

Kuhusu usalama tusidanganyane: kitasa hiki huzuia mdokozi, si mwizi aliyekuja na bisibisi. Vya bei ndogo vina visahani vyembamba ndani, na namba iliyochapwa usoni au kwenye ufunguo ni ya kuagizia ufunguo mwingine, kwa hiyo anayeisoma anaweza kupata wake. Vya ufunguo wa mrija, vyenye pini zilizopangwa duara, ni vigumu kidogo zaidi. Kama una droo sita, omba vitasa vinavyofunguliwa na ufunguo mmoja. Omba kabla ya kununua, maana baadaye kuvilinganisha ni gharama.

Vikianza kukwama, usitie mafuta ya kula wala oili, ambayo hukusanya vumbi. Sugua ufunguo kwa penseli laini, uingize na kuutoa mara kadhaa.